MBPS 10 Siyo MB 10: Alama Zangu Tano Zilivyobaki Kibaoni

Wanachuo wenzangu, kabla hamjauliza mwanafunzi wa ualimu anatafuta nini kwenye mambo ya watu wa kompyuta, naomba tufanye hesabu moja ndogo. Una video ya MB 600. Intaneti unayoitumia ina kasi ya Mbps 10. Video hiyo itachukua muda gani kufika inakokwenda?

Kama umejibu sekunde 60, njoo ukae hapa pembeni yangu. Na mimi nilijibu hivyo. Nilikuwa Ifakara, nilikuwa na kalamu mkononi, nilikuwa tayari naitwa mwalimu wa Hisabati, na jibu hilo lilinishusha kutoka B+ hadi B.

Ilikuwa fildi ya mwaka jana. Nilipangiwa shule moja ya sekondari ya kata pale Ifakara, nikashukuru Mungu kwa sababu mama yangu mdogo anaishi Lipangalala. Maana yake nisingelipa chumba, na boom langu lingekaa mfukoni siku mbili tatu zaidi ya kawaida yake. Katika kazi tulizopewa na lekcha wetu, mojawapo ilikuwa kujirekodi unafundisha kipindi kizima cha dakika 40, kisha kuipakia video kwenye mfumo wa chuo kabla ya saa sita usiku, siku ya Ijumaa. Ukichelewa, unakatwa alama tano. Alilisema hilo mapema, hakumficha mtu.

Video ilikuwa MB 600. Bando langu lilikuwa limebaki MB 400, na pesa ya kuongeza ilikuwa imeenda kwenye nauli za boda. Lakini sikuwa na wasiwasi, kwa sababu kila siku nikitoka shule nilikuwa napita steshenari moja maeneo ya Kibaoni yenye bango kubwa jekundu: KUPRINTI, KUSKANI, PICHA ZA PASIPOTI, INTANETI YA KASI MBPS 10. Nikapiga hesabu kichwani: 600 gawanya kwa 10, dakika moja. Nikisema mtandao una mambo yake, basi dakika tano. Ijumaa ile nikapika, nikaoga, nikasahihisha madaftari ya Kidato cha Pili B, nikafika pale saa mbili na nusu usiku. Wanafunga saa tatu. Kwa hesabu yangu nilikuwa nimewahi sana.

"Kaka, intaneti yenu kumi kweli?"

"Kumi, madam. Si umeona bango."

Nikaweka flashi, nikabofya, nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Dakika ya kwanza ikapita. Asilimia mbili na nusu. Dakika ya pili, asilimia tano. Yule kijana akachungulia skrini akaniuliza, "Madam, hii video ya harusi?" Nikacheka, lakini jasho lilikuwa limeshaanza. Saa tatu kasoro dakika kumi ilikuwa asilimia hamsini. Saa tatu kamili, asilimia sabini na tano. Kijana akasimama na funguo mkononi: "Madam, naomba unisamehe, nikizidisha saa tatu mwenye fremu ananisema. Na boda wangu ndiye yule pale." Mfumo wenyewe ukikatika haukumbuki ulipoishia, unaanza upya. Nikatoa flashi.

Jumamosi asubuhi nikaipeleka, ikafika, nikakatwa tano. Nikapata B. Kubwa, siyo ndogo, na huko ndiko ninakokwenda.

Kwenye Mbps, ile b ndogo ni biti. Kwenye MB, B kubwa ni baiti. Baiti moja ina biti nane. Basi. Hakuna siri nyingine. Mafaili, flashi na bando tunavipima kwa baiti. Kasi ya mtandao inapimwa kwa biti kwa sekunde. Ukitaka kujua Mbps 10 ni MB ngapi kwa sekunde, unagawanya kwa nane: 1.25. Kwa hiyo video yangu ya MB 600 ni megabiti 4,800, na kwa Mbps 10 inahitaji sekunde 480, yaani dakika nane. Siyo moja.

Lakini mimi nilikaa pale dakika thelathini na haikwisha. Kwa nini? Hapa ndipo kosa la pili lilipojificha, na hili sikulijua mpaka yule kijana mwenyewe aliponisaidia kulitafuta ile Jumamosi. Tukapima kasi kwa simu yake: kushusha ilikuwa kama 10, kupandisha 2. Bango halikusema uongo, ila lilitaja upande mmoja tu wa barabara, upande ambao mimi sikuwa nausafiria. Megabiti 4,800 kwa Mbps 2 ni sekunde 2,400. Dakika arobaini. Na ukipiga hesabu ya dakika thelathini nilizokaa, unapata MB 450, ambazo ni robo tatu kamili za MB 600. Asilimia sabini na tano ile ile niliyoiacha kwenye skrini. Nilipoona hesabu imekubali mpaka mwisho nilifurahi kama mwendawazimu, halafu nikakumbuka kuwa alama hazirudi.

Sasa mtu atasema: madam, ni uzembe wako, ungeenda saa kumi jioni. Kweli. Sikatai. Lakini ningeomba tuangalie lile bango tena. Liliandikwa MBPS, herufi kubwa zote. Ukiandika herufi kubwa zote, tofauti pekee iliyokuwapo kati ya biti na baiti umeifuta kwa brashi. Na mabango yetu karibu yote yameandikwa hivyo, kuanzia Ifakara mpaka hapa getini kwetu. Mchoraji wa bango hana kosa, yeye anapenda herufi zionekane. Anayesoma naye hana pa kushika.

Kuna jambo moja la kuchekesha katika historia ya maneno haya. Biti ni neno la John Tukey, na lilijulikana kupitia makala maarufu ya Claude Shannon ya mwaka 1948 kuhusu nadharia ya mawasiliano. Baiti ikaja mwaka 1956, kutoka kwa Werner Buchholz aliyekuwa akifanya kazi IBM. Kwa Kiingereza alitaka lifanane na neno la kung'ata, lakini akabadilisha herufi moja makusudi, akaweka y badala ya i, ili mtu asije akalichanganya na biti kwa kuteleza kalamu. Yaani tangu siku ya kwanza mwenye neno aliliona hili tatizo linakuja! Halafu sisi tukachukua maneno yote mawili tukayafupisha kwa herufi ile ile. Wakati huo baiti haikuwa lazima iwe na biti nane, kila mashine na zake. Nane ilikuja kuzoeleka baada ya IBM kutoa kompyuta zake za System/360 mwaka 1964. (Mambo ya 1,000 na 1,024 nayapita leo. Ndiyo yanayofanya flashi ya GB 32 ionekane kama 29.8 kwenye kompyuta, na unadhani muuzaji kakupiga. Hajakupiga.)

Nilimweleza mama mdogo kisa hiki tukiwa tunapepeta mchele. Yeye analima mpunga, saro, ekari tatu upande wa bondeni, na simu yake ni ya tochi. Nilidhani atanionea huruma tu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hiyo si lumbesa hiyo?"

Kwa wenzangu waliokulia mjini: lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka likapita mdomo wake, likashonewa kilemba juu, halafu likalipwa bei ya gunia moja. Mkulima wa Kilombero anaijua lumbesa kama anavyoijua nzige. Mnunuzi anakuja shambani na magunia yake mwenyewe, anasema bei ya gunia, mnakubaliana, halafu gunia linaanza kuota kichwa. Neno ni lile lile, "gunia", ila la kwake siyo la kwako. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo wanahubiri mizani kila msimu: uza kwa kilo. Kilo haina kilemba. Mama mdogo siku hizi ukimtajia gunia anakuuliza, gunia la kilo ngapi? Na asipojibiwa, mpunga unabaki ndani.

Nilimbishia kidogo. Kwenye lumbesa kuna mtu anayeondoka na debe lako. Kwenye Mbps hakuna aliyeniibia. Namba iliyoandikwa ilikuwa ya kweli, mimi ndiye niliyeisoma vibaya. Hili nalisema kwa sababu najua kuna wenzetu wakimaliza kusoma hapa watakimbilia WhatsApp kuandika kwamba makampuni ya simu yanatuibia mara nane. Hapana. Waya au minara inapeleka biti moja baada ya nyingine, na watu wa mawasiliano wamehesabu biti kwa sekunde tangu enzi ambazo hakukuwa na faili la kumpelekea mtu. Ni kipimo halali cha kazi yao. Lakini mama mdogo alikuwa na jibu. Akasema mnunuzi wa gunia naye akienda sokoni Dar es Salaam anajua kilo zake vizuri kabisa. Anayeuza kwa kipimo asichokijua ndiye anayekaa gizani. Nikaendelea kupepeta.

Jumatatu nilibadilisha andalio la somo. Katika muhtasari niliousomea na niliokuwa nafundishia, Kidato cha Kwanza kuna mada nzima ya vizio: urefu, uzito, muda, ujazo. Unamfundisha mtoto kubadili kilomita kuwa mita, lita kuwa mililita, anapiga mstari, anapata vema. Data haimo. Mtoto yuleyule akitoka nje ya geti, kitu anachokipima mara nyingi zaidi kwa siku siyo mita wala mililita, ni MB. Anajua bando la dada yake limebaki ngapi kuliko anavyojua urefu wa darasa.

Niliandika ubaoni: Mb na MB. Nikauliza tofauti. Kimya. Mmoja akasema, "Madam, umekosea kuandika." Nikawaambia sijakosea. Nikawapa mfano wa kisado na debe, kwamba anayetangaza ana visado kumi, na mwenye madebe kumi, wote wana "kumi". Wakaamka. Mvulana mmoja wa nyuma, ambaye wiki nzima sikuwahi kusikia sauti yake, akauliza, "Kwa hiyo madam, bando la GB 1 likienda na Mbps 10 linakaa muda gani?" Swali zuri kuliko yote niliyoyaandaa. Tukalifanya pamoja. GB 1 ni MB 1,000, mara nane ni megabiti 8,000, gawanya kwa 10, sekunde 800. Dakika kumi na tatu na sekunde ishirini.

Darasa lilipiga kelele mpaka mwalimu wa zamu akaja mlangoni. Dakika kumi na tatu! Kumbe ndiyo maana kaka akifungua video usiku bando linaisha kabla ya wimbo wa tatu. Binti mmoja akasema kwao wanaamini kuna mtu mtandaoni anakula bando. Nikawaambia huenda mara nyingine kuna programu inayokula kimyakimya, lakini kabla hujamshtaki mtu, gawanya kwanza. Simu yenye kasi nzuri inamaliza bando haraka kwa sababu ni nzuri. Video inaona njia imefunguka, inajipandisha ubora yenyewe, inakunywa.

Nadhani wengi wetu hatujawahi kufika hapo. Mnakumbuka Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipoanza kutumika tarehe 2 na nchi nzima ikapiga kelele, mpaka serikali ikazisitisha? Wengi wetu tulikuwa sekondari bado, lakini kelele tulizisikia. Zile zilikuwa kelele za bei, na zilikuwa za haki. Ila sijakumbuka mtu yeyote mtaani kwetu aliyeuliza kasi. Tunajadiliana GB kwa shilingi, tunasahau GB kwa dakika. Hata tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari na intaneti ikayumba Afrika Mashariki, tulichokuwa tunasema ni "neti ipo" au "neti haipo". Lakini inawezekana kabisa meseji ikapita na picha isipite, kwenye neti ile ile na dakika ile ile. Tuseme njia imebanwa mpaka kilobiti 64 kwa sekunde. Meseji ya herufi 200 ni kama baiti 200, biti 1,600, inapita kabla hujapepesa jicho. Picha ya MB 3 ni biti milioni 24. Hiyo inakaa dakika sita na ushee. Anayejua kipimo anatuma meseji. Asiyejua anazima simu na kuiwasha mara kumi.

Ukitoka Ifakara kurudi Mikumi kwa basi, unapita Kidatu. Watu wengi wanakumbuka Kidatu kwa miwa na bwawa la umeme. Mimi siku ile ya kurudi chuo niliitazama kwa ajili ya reli. Pale reli ya TAZARA, inayotoka Dar es Salaam, ikapita bonde lote la Kilombero kwenda Zambia, inakutana na tawi la Reli ya Kati. Ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067. Ile nyingine milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, hazifiki hata urefu wa kidole changu cha kati. Lakini kwa hizo 67 behewa haliwezi kutoka reli moja kuingia nyingine, na ndiyo maana kilijengwa kituo cha kuhamishia mizigo: unapakua huku, unapakia kule. Waliokijenga hawakuandika tu "reli" pande zote mbili wakamwachia dereva agundue mwenyewe. Kwenye intaneti kazi yote ya kituo kile ni kugawanya kwa nane, na tumeachiwa kila mtu aifanye kichwani, usiku, dakika thelathini kabla duka halijafungwa.

Sasa nije hapa chuoni, maana najua mhariri ananisubiri.

Tunapenda sana kugombana kuhusu wifi. Kila uchaguzi wa serikali ya wanafunzi kuna mgombea anayeahidi wifi ya Mbps 100, na tunapiga makofi. Tumewahi kuuliza mia kwa nani? Tuseme ahadi imetimia. Mbps 100 ni MB 12.5 kwa sekunde. Ukiwa peke yako saa tisa usiku, umebarikiwa. Tuseme sasa ni saa tatu usiku, hosteli nzima ipo, watu 400 wanatumia kwa pamoja na njia inagawanywa sawasawa. Kila mmoja anabaki na megabiti 0.25 kwa sekunde, ambayo ni kama kilobaiti 31. Notisi za MB 20 zitachukua dakika kumi na sekunde arobaini kushuka, na hapo nimekuwa mkarimu, kwa sababu hakuna mtandao unaogawa sawasawa kama chapati za mama ntilie, na sehemu ya kila biti inaliwa na anwani na vitambulisho vya safari. Mgombea hakusema uongo. Sisi hatukugawanya.

Rafiki yangu mmoja anayesoma kompyuta amesoma rasimu ya makala hii akaniambia napoteza muda: mtumiaji hahitaji kujua biti, ahitaji tu huduma iwe nzuri, na simu yenyewe siku hizi inaonyesha muda uliobaki. Nampenda lakini sikubaliani naye. Muda uliobaki unaonyeshwa ukiwa umeshaanza, yaani umeshapanda basi ndiyo unaambiwa linafika lini. Mimi nilihitaji kujua nikiwa bado Lipangalala najaza maji kwenye ndoo. Na huduma ikiwa mbovu, utalalamikaje bila kipimo? Ukienda kwa mtoa huduma au hata kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ukasema "neti iko slo", umesema nini? Lakini ukisema nimeuziwa Mbps 10, nimepima siku tatu mfululizo saa mbili usiku nikapata Mbps 3, hapo mtu anachukua kalamu. Huko Uingereza tangu 2018 mamlaka ya matangazo ilibadilisha utaratibu: kampuni ikitangaza kasi ya intaneti ya nyumbani, namba hiyo lazima ifikiwe na angalau nusu ya wateja katika saa za msongamano. Siyo kasi ya saa tisa usiku ya mteja mmoja mwenye bahati.

Ninachokiomba mimi ni kidogo kuliko hicho. Anayeuza intaneti, awe kampuni kubwa au steshenari ya Kibaoni, aandike muda. MB 100 zinashuka kwa dakika ngapi, zinapanda kwa dakika ngapi. Hapo b ndogo na B kubwa zinakufa zenyewe, na mama mdogo anaelewa bila kuitwa semina. Mbps ibaki pale chini kwa anayeitaka.

Na inawezekana. Kabla sijaondoka Ifakara nilipita steshenari kulipia kazi ya kuprinti ripoti. Yule kijana alikuwa amechukua makapeni akaandika chini ya bango lake jekundu, kwa mwandiko wa kupanda mlima: MB 100 KUSHUSHA DK 1½, KUPANDISHA DK 7. UKIJA NA VIDEO NJOO MAPEMA. Nilimuuliza kama wateja wamepungua. Akasema hapana, ila sasa wanaokuja na video wanakuja saa nane mchana, na yeye saa tatu anafunga bila ugomvi na mtu.

Kwa hiyo Mheshimiwa Waziri wa Habari wa serikali yetu ya wanafunzi, nimeleta ombi kwa maandishi na nakala ipo ofisini kwako. Karatasi moja kila hosteli, ibadilishwe kila mwanzo wa mwezi: imepimwa lini, saa ngapi, MB 20 zimechukua dakika ngapi kushuka na ngapi kupanda. Kupima ni dakika tano na simu mnazo. Na ninyi wenzangu wa ualimu mnaokwenda fildi Julai, hasa wa Hisabati, mkifika kwenye mada ya vizio, ongezeni kipindi kimoja. Andalio langu lipo, la kurasa mbili, pamoja na lile swali la kijana wa nyuma. Ni faili la MB 3. Kwa wifi ya hosteli saa tatu usiku, tegemeeni kama dakika moja na nusu.